Mwenye maumivu sugu ya kiuno asiambiwe tu aache mazoezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu yako ya afya, ambapo msomaji aliyeeleza kwamba hukimbia kila wiki, na kwamba kiuno kimekuwa kikimsumbua kwa miezi mingi, aliambiwa aache mbio kabisa, alalie godoro gumu, avae mkanda wa kiuno na aende kupiga picha ya mgongo. Sina shaka na nia njema ya aliyemjibu, na ushauri wa namna hiyo wengi wetu tumeupata kwa wazazi, kwa wauza dawa na hata katika vyumba vya madaktari. Lakini kwa mtu aliyezoea kuutumia mwili wake, ambaye amechunguzwa na kuonekana hana ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya maumivu hayo, ushauri huo humwongezea tatizo, na gazeti linalosomwa na watu wengi kiasi hiki lina wajibu wa kulieleza upya jambo hili.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari na mkimbiaji wa mbio ndefu, na kiuno changu kimenisumbua kwa muda unaozidi kwa mbali miezi mitatu ambayo wataalamu huitumia kutenganisha maumivu ya kupita na maumivu sugu. Nayajua maumivu yanayomshika mtu anapoinama kufunga kamba za viatu, yanayomfanya ashuke kwenye basi la Dodoma kwa kujivuta, na yanayolegea kidogo akishatembea. Nayajua pia maneno ambayo mgonjwa wa kiuno hutoka nayo hospitalini baada ya kupigwa picha: "Pingili zimesagika." Nami niliambiwa hivyo katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, nikaandikiwa sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na nikaelezwa kwamba mbio kwangu zimekwisha. Katika miezi iliyofuata misuli ya mapaja na makalio ilipungua, usingizi ukaharibika, na kiuno ambacho awali kiliuma baada ya kilomita nyingi kikaanza kuuma nikiwa nimesimama ubaoni nafundisha. Nafuu ilianza pale mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, baada ya kunipima nguvu za miguu na hisia za ngozi, alipoiweka picha pembeni na kuniuliza siku yangu inakwendaje, nalala saa ngapi, na ni mwendo gani ninaouogopa.

Picha hiyo ndiyo inayowatisha watu kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, lakini migongo yao ilipigwa picha za CT au MRI. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana kuwa na diski, yale matakia laini yaliyo kati ya pingili, zilizochakaa; kwa wenye miaka 40 ilikuwa asilimia 68, na kwa wenye miaka 80 asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa nusu ya watu wa miaka 40. Hawa wote, narudia, walikuwa hawaumwi. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 anayekimbia na kuumwa kiuno akipelekwa kwenye mashine, kuna uwezekano mkubwa kwamba kitaonekana kitu, na kitu hicho huenda kingeonekana hata kama asingekuwa anaumwa. Akishaambiwa kwamba pingili zake zimesagika, mtu huyo huanza kutembea akiwa ameukaza mgongo mzima, huacha kuinama, humwomba mtoto amwokotee kalamu iliyoanguka, na kila anapohisi mchomo huamini kwamba mfupa unasaga mfupa. Usain Bolt, aliyeshinda mbio za mita 100 na 200 katika Olimpiki tatu mfululizo, za 2008, 2012 na 2016, ameeleza hadharani kwamba uti wake wa mgongo umepinda, na kwamba ilimbidi aimarishe misuli ya mgongo na ya tumbo ili hali hiyo isimsumbue. Picha ya mgongo wake pekee isingemwambia mtu yeyote kwamba mwenye mgongo huo ndiye binadamu mwenye kasi kuliko wote.

Sisemi kwamba picha haina kazi. Ina kazi kubwa pale daktari anapokuwa na shaka mahususi, na dalili zinazoleta shaka hiyo nitazitaja hapa chini. Ninachopinga ni kuifanya picha iwe mlango wa kwanza kwa kila anayelalamikia kiuno, wakati gharama yake ni kubwa na mara nyingi jibu lake halibadilishi matibabu.

Kuhusu kupumzika, ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1995 watafiti wa Helsinki, Ufini, walitoa matokeo ya jaribio lililowahusu wafanyakazi wa jiji hilo waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Wengine waliagizwa kulala kitandani kwa siku mbili, wengine walipewa mazoezi maalumu ya mgongo, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kwa kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona haraka zaidi ni hawa wa mwisho, na waliochelewa zaidi ni wale wa kitandani. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno uliotolewa Desemba 2023, limeyaweka mazoezi yenye mpangilio na elimu kwa mgonjwa miongoni mwa mambo yanayofaa, pamoja na msaada wa kisaikolojia, huku mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya afyuni vikiwekwa upande wa mambo yasiyopaswa kutolewa kama kawaida. Mkanda ambao msomaji wenu aliambiwa aununue umo katika orodha hiyo ya pili.

Kwa wakimbiaji kuna habari njema zaidi. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu waliozoea kukimbia kwa miaka mingi walikuwa na diski zenye maji zaidi na zilizonenepa kuliko watu wa rika lao wasiofanya mazoezi. Diski, kama ilivyo misuli na mifupa, huitikia mzigo unaokuja kwa kiasi na kwa mazoea. Huko huko Australia, mwaka 2024, yalitolewa matokeo ya jaribio la watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno: nusu yao walipewa mpango wa kutembea kwa miguu, ulioongezwa taratibu hadi kukaribia dakika 30 mara 5 kwa wiki, pamoja na maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, nusu nyingine hawakupewa kitu. Kwa kundi lililotembea, muda wa kati kabla maumivu hayajarudi ulikuwa siku 208, na kwa kundi jingine siku 112. Kutembea hakuhitaji mashine wala ada.

Msomaji wenu atauliza: ikiwa hakuna kilichovunjika, kwa nini basi panauma kwa miezi yote hiyo? Ni swali la haki, na asijibiwe kwamba maumivu yake ni ya kufikirika, kwa sababu si ya kufikirika hata kidogo. Mishipa ya fahamu iliyopitisha taarifa ya maumivu kwa muda mrefu huwa myepesi kushtuka. Hufanya kama mbwa wa ulinzi aliyewahi kupigwa mawe, ambaye sasa hubweka hata mwenye nyumba anapopita. Usingizi mchache humwongezea ukali, na vivyo hivyo mawazo ya ada za shule, hofu ya kupoteza kazi na kule kuketi kwa saa nyingi bila kunyanyuka. Mbwa huyo hutulizwa kwa kupitiwa mara nyingi, kwa upole, na mtu asiye na jiwe mkononi. Kwa lugha ya mazoezi, mgongo hurudishiwa miendo ile ile unayoiogopa, kwa kiasi kidogo, mara kwa mara, mpaka uizoee.

Nieleze namna tunavyofanya, maana ushauri wa "fanya mazoezi" bila maelezo hauna tofauti kubwa na wa "acha mazoezi". Tunaanza na mti wa ufagio. Mtu husimama hatua fupi mbele ya ukuta akiupa mgongo, huuweka mti wima mgongoni mwake, mkono mmoja ukiushika nyuma ya shingo na mwingine usawa wa kiuno, mti uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa mkia. Hulegeza magoti kidogo, kisha husukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, huku kifua kikishuka mbele. Mti ukiachana na kisogo au na mfupa wa mkia, ina maana mtu anakunja kiuno na nyonga hazijafanya kazi, hivyo anarudia. Si kwamba kupinda mgongo ni hatari, kwani uti wa mgongo umeumbwa ili upinde. Bali mtu ambaye nyonga zake zimesahau kazi hukitwisha kiuno kila kitu, kuanzia kufagia uwanja hadi kunyanyua mtoto. Mwendo huo ukishakaa, inafuata ndoo ya maji. Lita 5 ni kilo 5, na kila mwenye ndoo nyumbani ana kifaa cha kupimia uzito ambacho hakihitaji ada ya jimu. Ananyanyua lita 5 kutoka kwenye kigoda, baadaye kutoka chini, kisha lita 10, na kwa wiki na miezi anaikaribia ile ndoo ya lita 20 aliyoambiwa asiiguse tena maishani.

Kipimo cha kuendelea au kupunguza ni rahisi. Mtu ayape maumivu yake namba kuanzia 0 hadi 10. Yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi bila kupita 3 au 4, na asubuhi inayofuata yakawa yamerudi mahali yalipokuwa, mzigo ule unamfaa. Yakiamka yakiwa juu kuliko jana, mzigo unaofuata upunguzwe, lakini usiachwe kabisa, kwa kuwa kuacha kabisa ndiko kunakomrudisha mtu mwanzo. Kwa mkimbiaji, kurudi barabarani kuanze kwa kubadilishana kutembea na kukimbia kwa dakika chache chache, na asiongeze umbali na kasi katika wiki moja. Hapa niseme neno kwa klabu zetu za jogingi, ambazo nazipenda na ambazo zimewatoa watu wengi vitini: kila Kilimanjaro Marathon inapokaribia, naona watu waliokuwa wakikimbia kilomita 5 Jumamosi wakiruka hadi 15 na 18 ndani ya wiki chache ili wawahi mbio za kilomita 21. Viuno vingi huanzia hapo. Mbio zenyewe hazina hatia. Kinachowaumiza ni ongezeko ambalo mwili haukupewa muda wa kulizoea, na viongozi wa klabu wanaweza kulizuia kwa kupanga ratiba mapema.

Wapo pia wanaoutumikisha mwili kwa sababu ndiyo riziki yao: mbeba mizigo sokoni, mkulima mwenye jembe la mkono, fundi ujenzi, mama anayechota maji mbali. Kumwambia mtu wa namna hii apumzike ni kumwambia asile. Kwake tatizo kwa kawaida ni mzigo kupita kiasi usio na mapumziko katikati, na mara nyingi hawezi kuupunguza kwa uamuzi wake mwenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mahali ambapo mwanamume mtu mzima hubebeshwa peke yake zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka za kupunguza uzito huo. Kila anayefika sokoni wakati wa mavuno ameona magunia ya lumbesa, yale yaliyojazwa kupita kipimo, yakipanda mgongoni mwa kijana mmoja. Tiba ya kiuno cha kijana huyo iko mikononi mwa wafanyabiashara na wasimamizi wa masoko kuliko ilivyo mikononi mwa daktari.

Kuna kundi moja ambalo kwalo kupumzika ni sahihi, na kama mwalimu sina budi kulitaja. Ni vijana wetu wanaokua, hasa wanaojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wanaorusha mkuki, wanaofanya sarakasi au wanaocheza mpira kila siku bila siku ya kupumzika. Kijana wa miaka 14 au 16 anayeumwa kiuno kwa wiki kadhaa, ambaye maumivu yake huchoma anapojipinda kwa nyuma, na hasa yakiwa upande mmoja, huenda ana ufa wa uchovu, yaani ufa mdogo wa mfupa unaoletwa na kutumika kupita kiasi, katika sehemu ya nyuma ya pingili. Ufa huo ukigundulika mapema hupewa nafasi ya kupona kwa kumtoa kijana mchezoni kwa miezi, kisha kumrudisha kwa mpangilio. Walimu wenzangu wasiwaite vijana hawa wavivu, na wasiwape dawa ya maumivu ili tu wacheze fainali.

Sasa dalili zinazomtaka mtu asisubiri. Mwenye maumivu ya kiuno akianza kushindwa kukojoa au kuzuia haja, akafa ganzi katika sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, au miguu yake ikapoteza nguvu, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu mishipa ya fahamu ikibanwa namna hiyo huhitaji upasuaji wa haraka. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na maumivu yasiyotulia hata mtu akilala huweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa ambao katika nchi yetu haupaswi kusahauliwa, au brusela, maambukizi yatokayo kwa mifugo, kwa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa. Aliyewahi kuugua saratani, na aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au kutoka kwenye bodaboda, wachunguzwe na wapigwe picha. Na kijana ambaye mgongo wake hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, humwamsha usiku wa manane, na hupata nafuu akitembea badala ya akipumzika, amwone daktari wa magonjwa ya maungio, kwani upo ugonjwa wa uvimbe wa uti wa mgongo wenye dawa zake mahususi.

Kwa upande mwingine, watu wengi wakiumwa kiuno husema ni figo, hununua dawa za mitishamba za "kusafisha figo" na kunywa maji mpaka wachoke. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, hayabadiliki sana mtu anapoinama au kugeuka, na mara nyingi huja na homa au mabadiliko ya mkojo. Tena magonjwa mengi sugu ya figo huendelea kimya bila kuuma mahali popote. Inanisikitisha kwamba mtu anayehofia figo zake ndiye huyo huyo anayemeza diklofenaki asubuhi na jioni kwa miezi, anazonunua bila cheti, wakati matumizi ya muda mrefu ya dawa za kundi hilo huweza kudhuru figo, kusababisha vidonda vya tumbo na kupandisha presha. Dawa hizo zina nafasi yake kwa siku chache za maumivu makali, kwa maelekezo ya daktari, ili mtu aweze kusogea na kulala.

Ninachokiomba kwako, Mhariri, ni mambo mawili. La kwanza, safu ya afya imrudie msomaji yule, imweleze kwamba akishachunguzwa na kukutwa hana dalili hizo za hatari, anaweza kurudi kwenye mbio zake hatua kwa hatua, na imtaje mtaalamu wa fiziotherapia kuwa mtu wa kumwona mapema, si baada ya picha na sindano kushindwa. Wataalamu hao tunao. Shule ya fiziotherapia ya hospitali ya KCMC pale Moshi imekuwa ikiwaandaa kwa miaka mingi, ingawa bado wengi wao wako katika hospitali kubwa, mbali na mgonjwa wa zahanati. La pili, waandishi wenu wafuatilie namna huduma hii inavyopangwa katika vitita vya Bima ya Afya kwa Wote, wakiuliza swali moja la wazi: mwanachama mwenye maumivu sugu ya kiuno atalipiwa vikao vingapi vya fiziotherapia, na katika ngazi gani ya kituo? Majibu ya swali hilo yachapishwe pamoja na majina ya vituo, ili mtu wa Kilosa au Ifakara ajue aende wapi.

Wako,

Mwalimu wa michezo,
Morogoro.